Faini Kutoka Manyoni

Tuliandikiana kwenye karatasi ya daftari,
mistari ya buluu, pembeni doa la chai:
Mimi Sechelela Chibehe wa Hombolo
nimemuuzia Mheluka Ndahani wa Kibaigwa
pikapu nyeupe, kama ilivyo, hapo ilipo.
Balozi akatia sahihi, akasahau tarehe.
Fedha nikazihesabu mara mbili juu ya ungo,
nikakukabidhi ufunguo, na kadi, na kigoda
cha kupandia, maana ngazi yake ilishaoza.
Ukasema, "Jina tutabadili wiki ijayo, mama."

Wiki ijayo ya Kibaigwa ni ndefu.
Mahindi yalivunwa, yakapakiwa, yakauzwa,
yakapandwa mengine.

Siku moja napogolea zabibu, mkasi mkononi,
simu ikalia kiunoni, ndani ya pindo la kanga.
Gari lako. Kosa: mwendo kasi.
Mahali: Manyoni. Lipa elfu thelathini.
Nilicheka hadi jirani akachungulia ua.
Mwendo kasi! Pikapu ile?
Kwangu ilipitwa na baiskeli za Ipala,
mbuzi waliisubiri ipite, wakachoka,
wakapita wao.

Nikakupigia. Hukupokea. Nikakupigia tena.
"Mbukwa, mama. Samahani, mama. Wiki ijayo."

Ikaja ya pili, Singida: taa ya nyuma haiwaki.
Ni ya kulia. Hupigwa ngumi kidogo
chini ya bodi, hapo palipobonyea.
Nilikuambia siku ile, hukusikia,
ulikuwa unajaribu honi.

Ya tatu, Gairo: kuzidisha uzito.
Usiku huo sikupata usingizi.
Springi zile nilizifunga kwa mpira wa tairi
mwaka mama alipougua, tukamlaza nyuma
juu ya godoro, tukaenda Mvumi polepole,
jiwe kwa jiwe, naye akiuliza
kama nyota bado zinatufuata.

Nikanunua daftari.
Tarehe, mahali, kosa.
Mwanangu Masima yuko Mbeya, mwaka wa nne huu
hajaandika neno.
Pikapu imeniandikia mara tano.
Nimejua imepanda Sekenke na tairi kipara,
nimejua imelala Bahi, bima imekwisha,
nimejua ipo.

Kisha ukaja mwenyewe, na kilo mbili za sukari.
Umepata mteja, naye si mjinga,
hataki gari lenye jina la bibi asiyemjua.
Tukaenda mjini. Wakili wa Majengo
akauandika upya mkataba wetu
kwa maneno ambayo hayakunywa chai,
akagonga muhuri hadi meza ikashtuka.
Dirishani kwa watu wa kodi, binti akauliza,
"Mwenye gari ni nani?"
Tukaitika wote wawili.

Akanionyesha kisanduku, kidogo kama jino.
"Saini hapa, mama, usitoke nje ya mstari."
Nilitoka kidogo.
Ukalipa kodi, ukalipa ushuru wa stempu,
ukalipa faini zote tano bila kunung'unika;
katika hilo sina neno nawe.
Namba imebaki ile ile.
Jina langu ndilo limeshuka
na mzigo wake mkononi, pembeni ya barabara.

Sasa simu hulia kwa mambo mengine:
chama cha wakulima, bei ya salfa,
kijana anayetaka kunikopesha fedha nisizozihitaji.
Honi ikisikika upande wa bwawani
nasimama na mkasi. Siyo yenyewe.
Yenyewe ilikuwa na kikohozi kabla ya mlio.

Juzi, vumbi limetulia, nikafungua daftari.
Nikaandika tarehe.
Mahali, sikujua.
Kwenye kosa nikaacha wazi.