Kiatu cha Kushoto

Kazi yangu kwenye filamu hii ilikuwa sauti.
Acha nicheke kabla hujacheka wewe:
hedifoni masikioni, fimbo ya maikrofoni mkononi,
namfuata kiziwi barabara ya kumi na mbili, Ngamiani,
nikivizia kelele zake.

Mwantumu Shekue. Miaka sitini na mmoja.
Homa ilimpitia akiwa na minne,
ikabeba adhana, ikabeba jogoo,
ikabeba na jina lake mdomoni mwa mama.
Mtaa ukamwita bubu.
Yeye akajipa la kwake: vidole viwili
vikikwaruza nyusi, kama anayeuliza, Halafu?

Mwongozaji wetu, Kihiyo, alikuja na picha tayari kichwani:
nyayo tupu juu ya udongo, ngoma inapigwa,
vumbi linapanda polepole,
na msimulizi wa sauti nzito: *anasikia kwa miguu*.
Mwantumu akamtazama mkalimani, akamtazama Kihiyo,
mikono ikasema kwa ufupi:
Miguu yangu ina magaga, haina masikio.
Namtazama mpiga ngoma bega la kulia.
Likishuka, nashuka. Basi.
Andika hilo.

Hatukuandika siku ile. Tulikunywa chai.

Kesho yake akatupeleka shamba la mkonge, upande wa Muheza,
kwenye korona iliyokufa
(korona ya kuchambua mkonge, jina la kabla ya ugonjwa),
bati limetoboka, mbuzi wamelala kwenye reli ya matoroli.
Hapa, akasema, ninyi mlikuwa mimi.
Mashine ikiunguruma, watu mia wote viziwi,
wanapanuliana midomo bure.
Mwenye lugha nilikuwa peke yangu.
Akamwigiza nyapara anayehesabu matita,
nyapara anayejikuna akidhani haonekani,
kisha nyapara anapomwona anayemwigiza.
Kicheko chake cha kwanza cha watu wengi
alikivuna pale, kwenye kelele
ambayo yeye tu haikumsumbua.

Kutoka hapo majukwaa: Korogwe, Pangani,
Lushoto na baridi yake, harusi za watu wasiolipa.
Utotoni walimzomea, *asiyesikia la mkuu huvunjika guu*;
akalifanya mchezo. Anaingia guu la kulia limefungwa mti,
anamtafuta huyo mkuu chini ya viti, mifukoni mwa watu,
ndani ya kibuyu, hampati.
Bwana mkubwa mmoja wa wilaya aliondoka kabla haujaisha.
Hilo tunalo kwenye kanda. Limekwaruzika, lakini tunalo.

Siku ya mwisho, ukumbini Chumbageni, viti vitupu,
akanigongea fimbo.
Wewe. Mwezi mzima unanisikiliza. Nikoje?
Mkalimani alikuwa amekwenda kuswali.
Nilikuwa na alama chache na aibu nyingi.
Nikaonyesha: pumzi. Nikaonyesha: bangili.
Nikaonyesha mguu wake wa kushoto, nikakunja uso,
nikabana vidole kama aliyeshika panya mkia:
kiatu kinalia.

Kinalia?
Kinalia.
Tangu lini?
Nikarusha mkono nyuma ya bega, mbali,
kanda zote, hata ile iliyokwaruzika:
viatu vilevile vya jukwaani, soli mara nne, fundi yuleyule.

Akakaa chini. Nikadhani nimemuumiza.
Thelathini, akahesabu. Miaka thelathini,
mume, watoto watatu, kikundi kizima,
ninyi wenye masikio yenu,
hakuna aliyeniambia!
Akacheka. Kicheko chake kina kona, kinaanzia puani,
na hilo nalo sijamwambia.

Usiku ule watu walijaa. Mchezo wa guu.
Kihiyo akaninong'oneza: kile kiatu,
tutakifuta tukihariri?
Mwantumu akaingia taratibu, akafika katikati,
akasimama. Macho yakanitafuta gizani.
Kisha akakanyaga kwa kushoto,
akasubiri, nyusi zote mbili juu.
Nikainamisha kichwa: ndiyo.
Akakanyaga tena.