Tarumbeta Isiyo Mate

Jumapili asubuhi, Bondeni, kwa Mwanasha wa mbaazi,
mahamri yavimba kwenye mafuta,
na sisi tuliolala saa tisa twabishana
kana kwamba tuna hisa katika bendi.

Kanda Mbili walikuja jana, kutoka Tanga,
wakapiga Tononoka hadi mlinzi akatikisa funguo.
Walikuwa watano.
Mwaka juzi, Makadara, walikuwa tisa.
Nawahesabu kwa vidole vyenye mafuta:
magitaa mawili, na lile la besi; kinanda;
wa tumba; wa saksafoni; wa dramu; mwimbaji;
na Salmini wa tarumbeta,
mashavu yake kama mahamri haya haya.

Jana tarumbeta ilitoka kwenye kompyuta.
"Ilikuwa safi," asema Feruzi, fundi wa simu.
"Haikukosea hata noti moja."
"Ndiyo ila yake," namwambia.
"Tarumbeta isiyo mate si tarumbeta.
Salmini alikuwa akiipindua, akaikung'uta,
nasi wa mbele twaruka nyuma, twacheka.
Kompyuta itamtemea nani?"

Lakini moto wenyewe ni dramu.
Kombo apiga meza, vikombe vyaruka:
jana ililia *du*, fupi, kavu,
gunia la unga likishushwa ghalani.
Haina tumbo! Mwaka juzi ilikupiga mbavu
ukageuka kutazama nani kakusukuma.

Feruzi aweka kikombe chini polepole.
"Nyi hamsikizi mambo mapya.
Ngoma siku hizi hukaushwa makusudi.
Ile imetoka ng'ambo. Sauti ile ina bei."

Mwanasha hakuinua uso.
Alikuwa akikoroga tui, na mwiko ukampa mizani:

*Ngoma siyo ya dukani, hutambua fundi wake,*
*haitazami thamani, yajua kiganja chake,*
*ikilia uwanjani, humtaja bwana wake.*

"Basi jana," asema Dzombo, mdomo umejaa,
"ilimtaja Mwalimu Nyamvula."

Twageuka sote. Dzombo ndiye aliyebeba masanduku.
Ameza kwanza. Ajipangusa.
Dramu yao, asema, imelala Lungalunga,
karatasi haina mhuri.
Saa kumi jioni wakakimbilia Tudor, shule ya msingi,
kuazima dramu ya maskauti.
Mwalimu akaweka rehani pasipoti ya mwimbaji.
Ngozi ina kiraka cha tyubu ya baiskeli,
na kwa kuwa ilikuwa ikikoroma
wakaishindilia blanketi ndani.
"Blanketi langu," asema Dzombo. "Lile la maua."

Kimya.
Kombo acheka hadi mbaazi zampalia.
Feruzi atazama chai yake,
kisha, kwa sauti ya mtu aliyebaki na shilingi moja:
"Hata hivyo. Ilipendeza."

Nami sikucheka sana, kwa sababu ni kweli.
Mwakumbuka wimbo wa nne?
Stima ilipotea. Kompyuta ikafa katikati ya neno,
tarumbeta ikakatika kama uzi,
magitaa yakabaki mbao mikononi mwa watu.
Ila dramu ya watoto wa Tudor
haikujua kwamba kuna giza.
*Du.* *Du.* Na kiraka chake, na maua yake tumboni.

Nani alianza, sijui.
Mtu nyuma yangu akaijaza ile nafasi ya Salmini kwa mdomo,
*pa-para-paa*,
halafu safu nzima, halafu ukumbi,
mamia ya mashavu yamevimba gizani,
kila mmoja na ufunguo wake, hakuna aliyepatia.
Mate ya mtu yakanidondokea shingoni.
Sikuyafuta mpaka stima iliporudi.

Haya hayakumaliza ubishi.
Kombo bado ataka tumba zirudi.
Feruzi asema tatizo lilikuwa spika.
Mwanasha ataka pesa zake.

Kesho dramu itasimama gwarideni Tudor,
bendera ipande.
Na Dzombo, jana amelala na baridi,
auliza nani ana namba ya simu ya Mwalimu.