Meno ya Kashata

Gerezani, saa mbili asubuhi. Tairi zimepandana
kama bangili kwenye mkono wa jini,
na Mwarami anapiga moja ubavuni kwa kiganja:
"Hii, bosi, inapanda hata ukuta."

Sina safari ya ukutani.
Nina kirikuu, viti mia na ishirini vya plastiki,
maturubai mawili, masufuria ya kukodisha,
na wateja wangu wako Kivule, wako Msongola,
huko ambako lami inakuaga bila kugeuka nyuma
na masika ikishika, tope linakuuliza jina la baba yako.

Mwaka jana nilikwama na viti vya msiba.
Tairi za nyuma zilikuwa vipara, zinang'aa kama bakuli.
Nikakanyaga mafuta, zikazunguka palepale,
zikajichimbia kaburi lao
wakati kaburi jingine, hatua mia tano mbele, linasubiri.
Waombolezaji walikalia matofali, ndoo, gogo la mnazi.
Chande, kijana wangu, alivibeba vinne vinne kichwani,
na mfiwa akanilipa pesa yote,
hakupunguza hata mia.
Hiyo ndiyo iliyoniuma. Angenitukana, ningelala.

Basi leo nimepiga magoti kwenye vumbi la Gerezani,
natia kidole kati ya meno.
Meno yaliyobanana ni ya lami:
yanaficha tope shavuni kama mtoto aliyegoma kumeza dawa,
na likishajaa, tairi ni andazi.
Meno yaliyoachana, yenye mwanya kama wa shangazi Mwanahawa,
hayo yanatafuna na kutema, yanatafuna na kutema.

"Chukua pana," anasema Mwarami. "Pana ndiyo heshima."
Pana inaelea juu ya uji, namjibu.
Mimi nataka inayokata mpaka chini.
Kule kwetu chini ya tope kuna mchanga mgumu,
siku zote upo,
ukiwa na subira ya kuufikia.

Zipo za mtumba, kashata safi, bei ya kirafiki.
Nasoma tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka:
zilizaliwa Chande hajaanza shule.
Mpira umekauka, una nyufa nyembamba kama kisigino cha kiangazi,
na juu yake rangi nyeusi, mbichi. Nimeikwangua kwa ukucha.
Mwarami ameniangalia, nimemwangalia.
Tumecheka wote wawili.

Hesabu ndiyo haikucheka.
Pesa mfukoni ni ya tairi mbili, na gari lina miguu minne.
Njia yangu, ukiipima, ni lami kilomita ishirini, tope kilomita nne.
Kashata kwenye lami hunguruma kama mashine ya kusaga,
hula mafuta, hujila zenyewe.
Kwa ajili ya nne, ninunue kelele za ishirini?
Nilisimama pale mpaka kahawa ikapoa mkononi.
Kisha nikamwona tena yule mfiwa, analamba kidole, anahesabu noti.

Mbili. Za nyuma, ndiko kunakosukuma.
Za mbele zitafuata kwa imani na usukani.

Jumanne ilinyesha tangu alfajiri, na Msongola kuna arobaini.
Mwisho wa lami nikashuka, nikapunguza upepo
hadi ubavu ukatuna kidogo, kama mtu aliyetoka kula.
Gia ya pili, mguu mwepesi.
Pua ikavutwa kushoto, nikairudisha. Ikavutwa tena.
Chande akanyamaza, jambo ambalo si kawaida yake.
Huku nyuma, meno: kutafuna na kutema.
Kwenye kioo nikaona akina mama, viatu mkononi,
wanafuata michirizi miwili niliyoiacha,
maana humo ardhi ilikuwa imeonekana.

Jioni, Chande akiosha, alichokonoa mwanya kwa bisibisi
akatoa ukanda wa kandambili, wa bluu, wa mguu mdogo.
Tumeutundika kwenye kioo.
Mwenyewe akipita, atauona.