Barua Zenye Madirisha

Barua ya kwanza ilifika mwezi wa Juni,
baridi ya Bulawayo imetoa kucha.
Mama akaipokea kwa mikono miwili
kama apewaye kichanga cha jirani.
Ilikuwa na mhuri wa kambi, namba ya baba,
na matundu saba.

Mkaguzi hakutumia wino. Alitumia wembe.
Alikata neno kwa neno, bila pupa,
kama fundi cherehani akatavyo tundu la kifungo.
*Mpendwa MaTshuma, hapa tuko salama, ila* – tundu.
*Waambie wenzangu wa reli kwamba* – tundu refu,
urefu wa kidole changu cha kati.
*Zanezulu asiache hesabu.*

Nilikuwa na miaka tisa.
Nikaibandika karatasi kwenye kioo cha dirisha
nione kama maneno yaliacha hata kivuli.
Hayakuacha. Niliona uani:
tundu moja lilikuwa na kuku wa MaNkiwane,
jingine bomba na foleni ya ndoo,
na lile refu, la wenzake wa reli,
lilikuwa na askari wawili wakivuta sigara,
macho yao mlangoni kwetu.

Baba hakuwa na sauti ya jukwaa.
Wengine waliunguruma hadi mabati yakatetemeka;
yeye, Nqabeni Mkwebu, karani wa stoo,
alifuta miwani, akafungua daftari,
akasoma mishahara.
Mtu mweupe, kazi fulani: kiasi hiki.
Mtu mweusi, kazi ileile, jasho lilelile: kiasi hiki.
Ukurasa baada ya ukurasa, kama asomaye majina ya marehemu.
Akafunga daftari, akashuka.
Uwanja ulikaa kimya kwanza.
Halafu ukachemka.
Walimchukua alfajiri ileile, na daftari.

Mama hakujua kusoma.
Kila barua nilimsomea mimi, chini ya koroboi,
na nilipofika penye tundu ulimi ulikwama,
naye alingoja, sindano hewani.
Ndipo nikaanza kujaza.
*Tuko salama, ila usiku nakuota.*
*Tuko salama, ila kicheko chako nimekisahau, nitumie.*
Nilikuwa mwongo hodari.
Mama aliinamia nguo aliyoishona, akacheka puani.
Jioni moja akasema, bila kuinua kichwa:
"Mwanangu, nisomee tena lile tundu."

Miaka kumi na mmoja, sanduku likajaa.
Barua ya mwisho ilikuja nzima,
haina hata mkwaruzo wa wembe.
*Mvua imenyesha. Nimeng'olewa jino. Wasalimu wote.*
Nikamwambia, mama, hii hawakuikata!
Hapo ndipo alipolia, nami sikuelewa.
Baba alikuwa amejifunza kujikata mwenyewe
kabla kalamu haijagusa karatasi.

Bendera ilipopanda walimpa ofisi,
zulia, simu mbili, hotuba zilizopigwa chapa.
Alizisoma vizuri. Watu walipiga makofi palipoandikwa makofi.
Nyumbani, mezani, alianza:
"Kule kambini, usiku mmoja, mimi na Sibindi …"
Akanyamaza. Akafuta miwani.
Mama akamsogezea ugali.

Jumapili moja aliomba sanduku.
Akaitoa ile ya kwanza, ya Juni,
akaiweka kwenye kioo, palepale,
na hakuna aliyekuwa amemweleza.
Katika tundu refu
gari la serikali lilikuwa likimngoja, injini inanguruma,
dereva anavuta sigara.

"Hapa," akasema, kidole kwenye *ila*,
"hapa niliandika nini?"

Nilifungua mdomo, mimi mwongo wa zamani.
Mama akaniwahi kutoka jikoni:
"Uliandika kwamba usiku unaniota."

Aliliangalia tundu kwa muda mrefu.
Nje honi ililia mara moja, kwa adabu.

"Eee," akasema. "Nadhani ndiyo."