Picha ya Nne

Mimi ni shahidi wa tatu.
Nina duka la steshenari Tandahimba, mkabala na ghala la korosho:
mashine moja ya kunakili, kamera moja,
kitambaa cha buluu nilichokigongomea ukutani.

Picha ndogo hutoka nne nne.
Bi Asumini alihitaji tatu, mbili za bima, moja ya shule.
Ya nne ikabaki kwenye droo yangu, pamoja na vibanio.
Rukaiya, miaka sita, kidevu juu,
amekaza uso kwa sababu nilimwambia asicheke.

Mwezi wa kumi minada imefunguliwa, watu wana fedha, na mwenye fedha mpya huruma humjia upesi.
Akaja Dickson Nampoto, viatu vinang'aa, vumbi letu halimjui.
Alitaka vitabu kumi vya stakabadhi,
nembo ya viganja viwili vimebeba moyo,
na mhuri wa duara.
"Kibali?" nilimuuliza.
"Kinakuja na basi la Mtwara."
Akaweka elfu themanini juu ya kaunta.
Basi hilo nililisubiri nikiwa nakata karatasi.

Kisha akasema bango limepungukiwa na sura.
Nikavuta droo.

(Hapo hakimu aliacha kuandika, akanitazama.)

Tundu kwenye moyo, bango lilisema. Siku zake zinahesabika.
Likabandikwa penye mizani ya chama cha ushirika,
mkulima akishapima gunia anakutana na macho ya Rukaiya.
Mpakizi wa magunia alitoa posho ya siku nzima.
Muuza mihogo alitoa mia tano, akadai stakabadhi,
si kwa shaka, ila jina lake
lilikuwa halijawahi kuandikwa kwenye kitabu cha mtu yeyote.

Bi Asumini analima Mkupete. Bango alilionea sokoni.
Mtoto alikuwa naye, mzima, anatafuna muwa.
Mama alijua ni mzima. Hata hivyo akapanda gari kwenda Ndanda
akampimisha moyo,
maana karatasi ilikuwa na mhuri.
Moyo haukuwa na kitu. Nauli haikurudi.

Mwendesha mashtaka alisoma kwa sauti ya kukunja shati:
kuchangisha umma bila kibali,
kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu,
milioni tatu, laki nne na elfu kumi na mbili.
Sheria siipingi. Inataka ruhusa, inataka hesabu,
inataka shilingi ifike kule ilikotajwa.
Dickson akapewa miaka yake.
Mimi nikaambiwa, "Shahidi, shuka."
Nikashuka. Ngazi ni mbili tu.

Januari alikuja mwanamke wa Mahuta,
mgongoni mtoto mwenye midomo ya rangi ya kitambaa changu.
Barua ya daktari anayo. Kibali anacho, saini ya wilaya bado mbichi.
Nikamtolea nakala hamsini, bure.
Alisimama palepale penye mizani tangu asubuhi.
Watu walizipokea karatasi kwa adabu,
na jioni nilinunua bagia, zikafungwa kwenye mojawapo.
Mafuta yalikuwa yamemfikia mtoto shingoni.

Shuleni Rukaiya wanamwita Moyo.
Mwalimu wa michezo humketisha kivulini wenzake wakikimbia,
ameambiwa kesi ilikuwa ya uongo, lakini, anasema, huwezi kujua.

Juzi Bi Asumini alikuja dukani. Hakunisalimu.
"Naomba ile picha ya nne."
Nikamwambia ni kielelezo, imo kwenye jalada, mahakamani.
"Kesi haijaisha?"
Imeisha.
"Aliyeiba amefungwa?"
Amefungwa.
Akafunga upya kanga kiunoni,
akatazama kile kitambaa ukutani, muda mrefu.
"Sasa mbona mwanangu bado yumo ndani?"