Walinzi wa Mlangoni

Slaidi ya arobaini na mbili tangu asubuhi,
na hii haina malaria.
Nasogeza kioo, narudi nilipotoka:
chembe nyeupe zimebanana, changa zote,
kiini kikubwa, ukingo mwembamba kama uzi,
na pembeni jina, kwa mwandiko wangu mwenyewe:
Mihayo Kasubi, miaka tisa, Ipuli.

Nikafuta lenzi mara mbili.
Nilitamani liwe vumbi.

Dada yangu hakuuliza kama mwanawe atapona.
Nyanzala hufuga nyuki Sikonge, mizinga thelathini
ndani ya miyombo, na aliuliza kifugaji:
"Walinzi walikuwa wapi?"
Maana kila mzinga una wanaokaa mlangoni
wakimnusa kila aingiaye: huyu wetu, huyu mwizi.

Walikuwepo, nikamwambia.
Walimnusa, wakamwacha.
Hakutoka nje huyu, Nyanzala. Alizaliwa ndani,
ana harufu ya nyumbani.

"Kikulacho," akasema,
na methali hakuimalizia.

Basi nikamweleza, nimesimama pale Kitete
na glavu bado mkononi,
kwamba ziko nchi ambako damu hutolewa kwa mrija,
walinzi wakachujwa,
iliyobaki ikarudi kwa mrija wa pili.
Walinzi husafirishwa kwenye baridi isiyosemeka.
Huko hukutanishwa na kirusi
kilichong'olewa meno, kikafanywa tarishi:
kinabeba barua moja tu,
na barua hushonwa ndani, kwenye kiini.
Mlinzi akiisoma, anaota pua mpya,
pua ijuayo harufu moja, ya adui yule.
Wanazalishwa hadi mamilioni,
kisha wanarudi kwa mwenyewe
katika kifuko kidogo, cha kujaza kikombe cha chai.

"Hao hao wake?"
Hao hao.
"Hawakununuliwa kwa mtu?"
Wake. Wamesomeshwa tu.
Akacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne:
"Kumbe hata damu hupelekwa bweni."

Sikumficha homa.
Mimi miaka kumi na saba nimesoma homa
kama salamu za mbu; huko
homa ni hodi ya walinzi, wamefika, wameanza.
Ikizidi, huua.
Na hawachagui sana: chembe nzima
zenye alama ileile nazo huenda,
kama kwa mrina asiye na subira
achomaye mzinga pamoja na masega.
Na kuna mara adui huivua alama,
akarudi bila harufu.

"Bei?"
Nikatazama kalenda ukutani.
Uza mizinga yako, nikasema, na ya kikundi chote,
na asali ya Sikonge ya mwaka huu, na ya mwaka—
Akaninyooshea kiganja.

Kesho wanapanda treni kwenda Dar,
kwenye dawa za siku zote, za dripu,
zile zinazopukutisha nywele.
Watoto wengi hupona kwa hizo.
Nimelisema hilo mara tatu,
na mara zote tatu lilikuwa kweli.

Jioni mtoto akaja kuniaga maabara.
Akapanda stuli, akaweka jicho,
akatazama damu yake kwa muda mrefu,
mdomo wazi, kama achunguliaye tundu la mzinga.
"Mjomba, mlinzi ni yupi?"
Nikatafuta. Nikapita uwanja baada ya uwanja
wa zile changa zilizobanana.
Ukingoni kabisa nikampata mmoja,
mdogo, mviringo, mzima.
Huyo.
"Anafanya nini?"
Amesimama tu.
"Hajui?"
Bado hajui.

Mihayo akaivuta stuli karibu zaidi,
pumzi yake ikatia ukungu kwenye lenzi.
"Basi mwambie."