Kisu cha Kumenyea Ndizi

Shoka alilichukua Eliringia siku ya kuanua tanga,
pamoja na beseni, na redio isiyo na betri.
Mimi nikabaki na kisu hiki cha mama,
kifupi kama kidole cha kati.

Julai, Kidia. Ukungu umekaa mgombani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Kuni za mgrivea zimelowa gome,
lakini kiini ni kikavu, hilo nalijua.

Nasimamisha kipande, nalaza makali kichwani,
nagonga mgongo wa kisu kwa tawi la mpera:
ko. Ko.
Kisha kile kicheko kidogo
mti unapokubali.

Penye fundo sigombani. Nageuza,
natafuta njia yake mwenyewe.
Mama alifanya hivyo kwa kuni,
na kwa baba.

Vibanzi vinajaa upindo wa kitenge.
Nachokoza majivu ya jana, napuliza:
machozi, moshi,
halafu mwali.

Mlangoni mtu anakohoa.
Eliringia, na koleo mkononi.
"Dada, una makaa?"
Shoka, nasikia, limechomoka mpini.

Sisemi kitu. Namsogezea kigoda,
nampa kisu,
na kile kipande chenye fundo.